Mtungi wa Pindi la Tatu

Mkomaindo, Masasi,
Tarehe 20 Septemba 1913.

Kwa dada yangu mpendwa Somoe, Mama Mwanaisha, huko Tanga.

Shikamoo dada. Shikamoo nyingine mpe shemeji Husseni, maana najua ndiye anayekusomea barua hii, nami namwomba asome polepole wala asiruke mistari kama alivyoiruka ile niliyoandika habari za miguu yake. Hali zenu huko? Mwanaisha ameota meno? Mbu wa Tanga mnapatana nao? Sisi huku tu wazima kwa kadiri ya wazima wa Masasi: tunakula, tunakohoa, tunacheka. Ramadhani nimefunga yote, na mtu akikuandikia kwamba alinikuta nyuma ya ghala na muhogo mdomoni, huyo ana chuki zake. Sikukuu tulichinja kuku mmoja, watu tisa. Mimi nilipata shingo.

Baba yuko. Kifua kinamsumbua asubuhi, na miguu imemchoka. Kutoka kitandani mpaka barazani anapumzika mara moja njiani. Lakini ulimi haujapungua. Bado ananiita mimi Safari Mkosa Kazi mbele za wageni, ingawa sasa nina kazi, tena kazi ambayo hapa Masasi anayo mtu mmoja tu, nami ndiye.

Kaa vizuri, dada. Mdogo wako amepanda pikipiki.

Mwambie shemeji asicheke. Najua yeye anafanya kazi kwenye gari la moshi, na kila barua ni gari la moshi, gari la moshi. Basi mwambie gari la moshi ni mbuzi aliyefungwa kamba: linakwenda pale tu palipolazwa chuma. Chombo chetu kina magurudumu mawili na kinakwenda kinakotaka, hata porini, hata juu ya kuku wa watu. Mlio wake ndio jina lake. Watoto walisikia piki-piki-piki, wakakibatiza siku ile ile.

Mwenyewe ni Mdachi mmoja, mpimaji, katumwa kupima barabara pana ya kutoka hapa Masasi mpaka Newala. Watu wamemwita Bwana Kamba kwa sababu ya kamba yake ya kupimia, na yeye anaitika, hajui. Alitaka mtu wa kumshikia kamba anayejua Kiswahili, Kiyao na Kimakonde, na kuhesabu Kidachi. Mimi ile miaka yangu miwili ya shule ya Lindi, kabla hawajanifukuza kwa kuigiza mwendo wa mwalimu, nilifika mpaka hesabu za mia. Nikamhesabia. Akaniajiri pale pale. Unaona elimu haipotei.

Sasa nije kwenye neno lenyewe.

Tangu barua yako ya mwezi wa Rajabu, ile uliyouliza habari za kaburi la mama, Baba hana usingizi mzuri. Kila asubuhi ananiita: “Safari, umeuliza?” Nasema, “Kuuliza nini, Baba?” Ananitazama tu. Anajua kwamba najua. Anataka kujua mama amelala wapi, akasome dua juu yake kabla yeye mwenyewe hajasomewa.

Yaliyopita unayajua kuliko mimi, lakini nataka shemeji naye ayasikie. Mwaka ule wa vita ya Maji Maji, watu walipokuja kuchoma, kisha askari wakaja kuchoma yaliyobaki, Baba alikuwa Lindi na mizigo ya mpira. Mama alikuwa na homa. Ukatutoa wewe, dada, na umri wako wa miaka kumi na minne, kwenda kujificha juu kwa Wamakonde. Mama akitembea, mimi mgongoni kwako. Mama hakufika juu. Na wewe uliporudi Masasi miezi mingi baadaye ukawa na neno moja tu la kumpa Baba: yuko kwenye pindi la tatu la njia ya kupanda mlima, na juu yake tumeweka mtungi. Baba alipanda mara mbili kutafuta peke yake, hakutaka wewe urudi kule, akarudi bila kitu. Halafu wewe ukaolewa ukaenda zako, miguu ya Baba ikaisha, na njia ikaota majani.

Mimi nilikuwa na miaka saba. Sikumbuki vita, dada, nasema kweli, hata nikijisifu mbele ya wenzangu kwamba niliona risasi. Nakumbuka kaniki yako, ile rangi nyeusi ilivyonipaka shavuni kwa jasho. Nakumbuka ulikuwa ukinihesabia hatua ili ninyamaze, na ukifika mia unaanza upya kwa sababu mia ndiyo ilikuwa mwisho wako. Na nakumbuka maji. Maji ya baridi katika kata ya kibuyu, yenye harufu ya moshi, na mkono wa mtu umeshika kisogo changu. Nimekuuliza habari za maji yale mara ngapi? Ulisema siku ile sikunywa maji, nimeota. Nikakubali kwamba nimeota.

Wiki kabla ya Sikukuu tulipanda mlimani kwa miguu, Bwana Kamba, wapagazi na mimi, tukapigilia vigingi. Njia ya zamani inapanda kwa mapindi kama utumbo. Bwana Kamba hapendi utumbo. Anapenda rula. Alikuwa akiangalia katika darubini yake, ananinyooshea kidole, nami nagonga kigingi, na kila tulipopita, mapindi mawili yalikuwa yamekufa na mstari mmoja umezaliwa. Wapagazi wakafyeka ujia mwembamba kufuata vigingi. Watu wa majembe wangekuja Jumatatu baada ya Sikukuu kuupanua hatua nane kila upande. Nilifanya kazi ile nikipiga mluzi, dada. Kumbuka hilo.

Ijumaa, siku tatu kabla ya majembe, Bwana Kamba akasema anataka kupanda kwa pikipiki kuona kama chombo cha moto kinaweza mlima. Akanikalisha nyuma yake, pale kwenye chuma cha kufungia mizigo. Hakuna mto. Mpaka leo nalala kifudifudi.

Tulitoka Mkomaindo jua halijatoka. Ninyi mnaokaa pwani mmesahau asubuhi ya huku, yale majabali yetu yanavyokaa kimya kama watu wazima wanaosubiri mtoto aamkie kwanza. Pale Lupaso watoto walitukimbilia mpaka pumzi zikaisha, na mzee mmoja alitupa jembe akaingia katika mtama wake, hakutoka. Upepo unaingia puani unatokea masikioni. Nilifumbua mdomo nikameza mdudu. Nikafikiri, laiti Somoe angeniona, aliyenibeba njia hii hii nikimlilia uji.

Mlimani mambo yalibadilika. Pikipiki ile inazungushwa na mkanda wa ngozi, na mkanda ukiona mlima unateleza kama samaki kambare. Hapo Bwana Kamba husema, “Safari, sukuma,” nami nashuka nasukuma. Sitakudanganya: nusu ya njia mimi ndiye niliyeibeba pikipiki. Lakini ile nusu nyingine, pale njia inapozunguka taratibu ukingoni mwa mlima na chombo kinanguruma chenyewe, ah, dada. Kila pindi likizunguka, nchi nzima inajifunua upande wa pili. Mto Ruvuma unang'aa mbali kama mkufu ulioanguka. Na majabali ya Masasi, yale tunayoyaogopa, ukiyatazama toka kule ni mafiga ya mtoto anayecheza kupikapika. Niliitafuta nyumba yetu. Niliona moshi mmoja nikauita wetu.

Nilikuwa nahesabu mapindi kutoka chini. Kwenye la tatu nikaona vigae. Vigae vingi, vya zamani, vya shingo na vya tumbo la mtungi, vimelala chini ya jiwe. Moyo ukapiga kuliko injini. Nikamwambia Bwana Kamba tumbo linanikata. Akasimama, akawasha kiko chake, akanigeuzia mgongo.

Nikapiga magoti kwenye vile vigae. Nikasoma Fatiha, nikasoma na Yasini kwa kadiri ninavyoijua, kwenye mapengo nikarudia mwanzo. Nikamwambia mama kwamba Baba anamsalimu, na wewe una mtoto, na mimi ni mtu mkubwa sasa, bwana mkubwa kabisa. Nililia kidogo. Shemeji, hapo paruke.

Nyuma yangu mtu akacheka.

Alikuwa mama mmoja mzee wa Kimakonde, na ndonya yake ya mti katika mdomo wa juu, na mtungi wa maji kichwani, amesimama kwenye mteremko ule kama yuko barazani. Wenzake wanne nyuma yake. Unajua watu wa juu hawana maji; wanateremka usiku wa manane na kupanda nayo asubuhi, kila siku ya Mungu.

Nikamwamkia, “Shikamoo bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Unamwombea nani?”

“Mama yangu, bibi. Ndipo alipozikwa hapa.”

Wakatazamana. “Huo unaouombea ni mtungi wangu,” akasema. “Niliuvunja mwaka juzi, niliteleza. Ule wa pembeni ni wa huyu Pili. Hapa tunavunja sote, ni jiwe baya hili. Lakini ahsante. Mtungi wangu haujapata kusomewa.”

Wakacheka wote, nami nikacheka kwa aibu. Nikamwambia dada yangu alisema pindi la tatu, pana mtungi, na hapa ni pindi la tatu.

“La tatu kwa nani?” akauliza. “Ninyi wa Masasi mnahesabu kutoka chini. Sisi tunahesabu kutoka juu, maana ndiko tunakoanzia safari, na mitungi mitupu. Huyo dada yako nani alimwambia ni la tatu?”

Nikasema sijui. Nikasema ni mwaka wa vita, msichana na mtoto.

Dada, alishusha mtungi. Unajua mwanamke wa kule hashushi mtungi katikati ya mlima, kuupandisha tena ni kazi ya watu wawili. Aliushusha, akaja, akanishika kisogo akanigeuza huku na huku kama anayenunua nazi.

“Kichwa ni kile kile,” akasema. “Kikubwa. Wewe ndiye uliyetaka kunywa maji ya maiti.”

Jina lake ni Sijaona. Unamkumbuka? Anasema yeye ndiye aliyekukuta unachimba kwa kijiti. Ndiye aliyekuambia, hapa panaitwa pindi la tatu, usisahau. Alikuwa anatoka kisimani na mtungi uliojaa, na nyumbani kwake Chilangala watoto wanangoja. Anasema mlikuwa hamna maji ya kumwoshea mama, akakupa yake. Na mimi nikamwona mama anamiminiwa maji, na tangu jana sijanywa, nikapiga kelele nataka yale. Wewe ukanipiga kofi, ukarudi kuchimba. Ulipogeuka, yeye akanipa kata moja.

Kwa hiyo sikuota.

Kisha mtungi ulipobaki mtupu, akautoboa kitako kwa jiwe, kama wanavyofanya kwao, akaufunika juu ya kaburi mdomo chini, ili mpita njia asiuchukue na mvua ipite. Akaenda nyumbani kwake mikono mitupu. Hilo ndilo ulilosahau kumwambia Baba, dada: mtungi wa kuanguka huvunjika vigae, mtungi wa kaburi huwa mzima na tundu moja. Baba alitafuta vigae mara zote mbili. Na alihesabu kutoka chini.

Bibi Sijaona akanionyesha kwa kidole, juu, pindi la tatu la kwao. Sikuhitaji kuonyeshwa sana. Pale palikuwa na kigingi changu, namba arobaini na moja, hatua mbili tu kutoka kichakani. Tulipofika, na Bwana Kamba na chombo chake, nikapekua majani, na mtungi uko pale, umeota ukungu, na tundu lake kama jicho. Nilikuwa nimegonga kigingi kile huku napiga mluzi. Na Jumatatu jembe lingepita hatua nane.

Nikamwendea Bwana Kamba. Nikamwambia wazi, “Bwana, hapa pana kaburi.”

“Makaburi yako kila mahali,” akasema. “Mstari ni mstari.”

Nikasema, ni la mama yangu. Akanitazama kidogo, nadhani hakuamini; nilikwisha kumzulia mama mgonjwa mara tatu ili nipate ruhusa. Hayo ndiyo malipo ya uongo wangu, nayaandika ili Mwanaisha akikua asomewe. Nikafikiri niking'oe tu kigingi usiku. Lakini kuna kijana mmoja aliyesogeza kigingi kisipite katika ufuta wao, akapigwa viboko hamsa ishirini mbele ya watu, na kigingi kikarudi palepale. Ngozi yangu ningeitoa, dada, kama kigingi kingebaki kilikosogezwa. Lakini kisingebaki.

Bwana Kamba akaelekeza pikipiki kwenye ule ujia uliofyekwa, ulionyooka juu. “Sasa tunajaribu mstari. Safari, sukuma.”

Hapo ndipo Mungu aliponipa akili.

Nikashika kile chuma cha nyuma kwa mikono miwili, nikatia miguu kwenye mizizi, nikakunja uso, nikaguna kama fahali. Na nikavuta. Yeye anakwenda juu, mimi navuta chini. Mkanda ukateleza, injini ikalia, ikafa. Tukarudi chini kinyumenyume.

“Sukuma sana,” akasema.

“Nasukuma, bwana, mpaka roho inatoka.” Na jasho lilikuwa la kweli, maana kuvuta pikipiki inayotaka kupanda si mchezo.

Mara ya pili. Mara ya tatu ikamwangusha kiubavu, chuma cha moto kikamgusa shavu la mguu. Wale akina mama wamekaa kandokando na mitungi yao wanatazama. Bibi Sijaona akasema kwa Kimakonde, “Kijana wako huyu, bwana, ana nguvu za ajabu, lakini zimegeuka.”

“Anasema nini?” Bwana Kamba akaniuliza.

“Anasema mlima huu ni mkali sana, bwana.”

Akanuna. Akasema tujaribu njia ya zamani, ile inayozunguka pindi. Hapo nilisukuma, dada. Nilisukuma kwa nguvu zote ulizonipa kwa muhogo wako wa kutafunatafuna. Pikipiki ikazunguka lile pindi kama upepo, piki-piki-piki, mpaka juu, bila kuzima. Bwana Kamba akasimama juu, akatazama chini muda mrefu. Akatoa daftari.

“Gari haitapanda mstari,” akasema.

“Nami nilikuwa nafikiri hivyo, bwana.”

“Wewe usifikiri. Wewe ng'oa kigingi.”

Nikang'oa namba arobaini na moja kwa mikono yangu, kwa amri ya serikali. Njia itazunguka. Ukingo wa barabara utakuwa mbali na mama, hatua kumi na tano, nimepima kwa kamba yake mwenyewe. Mapindi mengine yote ya mlima ule yatanyooshwa ila lile moja, na watu wa baadaye watajiuliza Mdachi aliona nini pale.

Hili usimwambie mtu, isipokuwa shemeji, ambaye amekwisha kulisoma.

Bwana Kamba alikwenda kupaka mafuta kidonda chake kivulini. Nikamwomba aniruhusu nimpandishie bibi mtungi wake mpaka Chilangala kwa chombo, kwa kuwa ametuonyesha njia. Akakubali, akaendesha yeye. Nilikaa nyuma nimeukumbatia ule mtungi, na mchanga wa kule juu ni kama kuendesha ndani ya unga. Tulipofika nusu ya maji ilikuwa kwenye kanzu yangu. Bibi Sijaona alikuja kwa miguu nyuma yetu, akachungulia mtungini, nami nikamwomba radhi.

Akasema, “Si neno. Mama yako aliyapata yote.”

Nikageuka nikakamua kanzu.

Niliporudi nilimkuta Baba barazani. Nilimweleza yote, hata habari ya kuombea mtungi uliovunjika, nikidhani atanicheka. Hakucheka. Aliniuliza maji yale yalikuwa na ladha gani. Nikasema ya moshi. Akasema, “Ya moshi,” akaitaka kofia yake, ingawa hakuwa anakwenda popote. Tangu siku ile hajaniita Mkosa Kazi. Namngoja aanze tena, maana kimya chake kinanitisha.

Kesho yake alituma kwa Mama Fatu mfinyanzi, kufinyangiwa mtungi mkubwa, wenye shingo nzuri. Umekwisha kuchomwa, uko ndani karibu na kitanda chake. Nikasema nipe niupeleke Chilangala, nina pikipiki. Akakataa. Anasema kilichopokewa na mkono wa Somoe kitarudishwa na mkono wa Somoe. Anataka khitma isomwe pale pindini Mfungo Tatu, baada ya Sikukuu Kubwa, kabla mvua hazijafunga njia. Yeye tutambeba kwa machila, wapagazi wanne, nimekwisha kuwachagua wasiokohoa.

Basi mwombe shemeji ruhusa. Shuka na meli mpaka Lindi, nami nitakungoja pale gatini na kofia mpya. Bwana Kamba atakuwa amekwenda na pikipiki yake, kwa hiyo mlima tutaupanda kwa miguu kama zamani. Tutahesabu kutoka juu. Ukichoka nitamchukua Mwanaisha mgongoni, na akilia nitamhesabia hatua, nami siishii mia. Mtungi utaubeba wewe.

Nisalimie shemeji Husseni na miguu yake, Mwanaisha mbusu kichwani, nasikia naye kimekuwa kikubwa. Huku wanakusalimu Baba, Mama Fatu, na shangazi Magdalena wa kule misheni, anayesema hata yeye atakuja kwenye khitma na atakaa kimya, jambo ambalo sisi hatuliamini. Mwenyezi Mungu akushike mkono baharini na nchi kavu, akulete hapa Baba akingali anauliza.

Ni mimi mdogo wako wa mgongoni, akupendaye,

Safari bin Muharami